Kufunga Kiwanda kwa Utaratibu



Watu wengi hudhani kwamba hatari ya kiwanda iko katika kukianzisha na kukiendesha. Siku ya kukifunga huonekana kuwa siku nyepesi: king'ora hulia, mashine huzimwa, lango hutiwa kufuli, na kila mtu huenda kwake. Lakini moto ulioko katika tanuri haujui kwamba zamu imekwisha, wala sumu iliyoko ndani ya tangi haipungui ukali kwa sababu jina la kampuni limefutwa langoni. Baadhi ya misiba mikubwa ya viwanda iliyopata kuandikwa ilitokea wakati mitambo ilipokuwa imesimama, au baada ya wenyewe kuhama. Hotuba hii yaeleza jinsi kazi ya kufunga ipasavyo kufanywa, pamoja na yaliyowapata watu mahali ilipofanywa ovyo.

Kiwanda hufungwa kwa namna mbili. Kuna kufungwa kwa muda, ili mafundi watengeneze mitambo na kazi ianze tena. Na kuna kufungwa moja kwa moja, kwa kuwa biashara imekufa au mwenye mali amehamia kwingine. Kwa namna zote mbili mpango wake hauna budi kuandikwa mapema, tena na watu wanaoijua mitambo kwa mikono yao, si na makarani wa ofisini peke yao. Meneja ajua hasara ya kila siku ambayo kiwanda kimesimama. Lakini fundi wa zamu ya usiku ndiye ajuaye ni vali ipi isiyofunga sawasawa na ni ngazi ipi iliyooza. Mpango usiomwuliza fundi huyo una pengo tangu siku ya kwanza.

Kipi kizimwe kwanza?

Mathalan, tuseme kiwanda cha sukari, kama vile vilivyojengwa Nyanza na Magharibi mwa Kenya. Mtu asiyekijua angeweza kusema, "Izimeni boila kwanza, maana ndiyo mama wa moto wote." Angekosea sana. Mvuke wa boila ndio unaochemsha maji ya miwa, na mara nyingi ndio unaozungusha jenereta ya umeme. Boila ikizimwa kwanza, maji ya miwa yatabaki katika mabomba na matangi na kuchacha, na sukari iliyokuwa ikipikwa itaganda humo humo iwe kama jiwe. Ndipo mafundi watakapolazimika kuingia na nyundo na patasi kuibandua, mahali ambapo pasingekuwa na haja ya mtu yeyote kuingia.

Kwa hiyo kazi huanzia mbele. Wakulima na wenye matrekta huarifiwa mapema tarehe ya mwisho ya kupokea miwa, kwa kuwa muwa uliokatwa ukilala siku nyingi juani hupoteza sukari yake, na hasara hiyo humwangukia mkulima. Uwanja wa miwa ukisha kuwa mtupu, vinu vya kukamulia husimamishwa. Maji ya miwa yaliyobaki huchemshwa mpaka yaishe, masufuria makubwa humwagwa, na mashine za kutenga sukari na molasi huzungushwa mara ya mwisho na kuoshwa. Boila huwa ya mwisho.

Boila yenyewe nayo haizimwi kwa ghafula. Moto hupunguzwa kidogo kidogo, na presha huachwa ishuke yenyewe. Chuma kilichokaa motoni kwa miezi mingi kimetanuka. Kikipozwa kwa haraka hujikunja upande mmoja zaidi ya mwingine, na pale mabomba yalipoungwa hulegea au hupasuka. Ndiyo maana ni kosa kubwa kumwaga maji ya boila hali matofali ya tanuri yangali mekundu, na ni kosa kubwa zaidi kutia maji baridi ili watu wawahi nyumbani. Presha ikikaribia kwisha, vali ndogo ya juu hufunguliwa ili hewa ipite, kwa sababu mvuke ukigeuka kuwa maji huacha nafasi tupu, na nafasi hiyo hunyonya kwa nguvu. Kama boila italala muda mrefu, hukaushwa kabisa na kuwekewa ndani sinia za chokaa isiyozimwa, inayokunywa unyevu; ama sivyo hujazwa pomoni maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu. Boila iliyoachwa na maji nusu huliwa na kutu kimya kimya, na mtu wa kwanza kujua huwa ni yule atakayeiwasha mwaka ujao.

Tena lisisahauliwe lile rundo la makapi ya miwa nyuma ya kiwanda. Makapi yaliyorundikwa hupata joto ndani yake yenyewe, na yaweza kushika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Lango laweza kuwa limefungwa juma zima na rundo likawaka.

Kufuli la kila mtu

Mashine ikisha kusimama, hatari ya pili ni mtu mwingine kuiwasha. Kuzima swichi hakutoshi, maana swichi iliyozimwa na mkono mmoja huwashwa na mkono mwingine. Katika viwanda vinavyoendeshwa vizuri, kila fundi anayetia mkono wake ndani ya mashine hutia kwanza kufuli lake mwenyewe juu ya swichi kuu, pamoja na kibao chenye jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa mafundi sita, makufuli ni sita, na mashine haiwezi kuwaka mpaka wa sita ameondoa lake. Nyapara hana ruhusa ya kulivunja kufuli la mwenzake kwa sababu kazi imechelewa. Kisha, kabla ya kuanza, hubonyezwa kitufe cha kuwashia ili ihakikishwe kwamba mashine imekufa kweli.

Umeme nao si nguvu ya pekee. Iko hewa iliyoshindiliwa katika mabomba, iko springi iliyokazwa, uko mzigo uliotundikwa kwa mnyororo. Nguvu hizi hukaa zikingoja hata baada ya umeme kukatwa, na kila moja yapasa kutolewa au kutegemezwa kabla ya mtu kupita chini yake.

Hata kufuli halifai kitu ikiwa habari hazipitishwi kutoka zamu moja hadi nyingine. Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta liitwalo Piper Alpha, baharini upande wa mashariki ya Scotland, pampu moja kati ya mbili ilikuwa imesimamishwa. Vali yake ya usalama iliondolewa ili itengenezwe, na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko cha chuma. Jioni ilifika kazi haijakwisha. Hati za ruhusa zilikuwa mbili, moja ya pampu na nyingine ya vali, wala hazikuwekwa pamoja. Usiku pampu ya pili ilikataa kwenda. Watu wa zamu waliijua hati ya pampu. Habari ya vali hawakuwa nayo. Wakaiwasha pampu ya kwanza. Gesi ikafoka, ikashika moto, na watu 167 wakafa. Waliookoka walikuwa 61. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Cullen ilitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na utaratibu wa hati za ruhusa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokemewa sana. Kuacha karatasi juu ya meza na kwenda kulala si kupokezana zamu. Anayetoka na anayeingia yafaa waende pamoja mpaka kwenye mashine, wakaitazame kwa macho yao.

Kuhusu kuingia ndani ya matangi, maneno ni machache. Molasi iliyochacha hutoa hewa nzito isiyo na rangi, nayo hutulia chini ya tangi. Mtu ashukapo humo huanguka bila kelele, na rafiki yake anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Basi hewa hupimwa kwanza. Anayeingia hufungwa kamba. Na mtu mwingine hukaa mlangoni, ambaye kazi yake ni kutazama na kuita msaada, wala haingii kamwe bila chombo cha kupumulia.

Yaliyotokea Bhopal

Hapana mfano unaofundisha habari ya kiwanda kinachokufa kuliko ule wa mji wa Bhopal, katika nchi ya Uhindi. Hapo palikuwa na kiwanda cha Union Carbide kilichotengeneza dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanunuzi walipungua na kiwanda kikaingia katika hasara. Wenyewe wakawa wanafikiri kukiuza, au kukifungua vipande na kukihamisha. Wafanyakazi wakapunguzwa, na matengenezo yakapungua vivyo hivyo, kwa kuwa ni nani atakayependa kutumia fedha juu ya nyumba anayokusudia kuihama?

Miongoni mwa vitu vilivyotumiwa kutengeneza dawa hiyo ilikuwako kemikali iitwayo methili isosianati. Kemikali hii huchemka kwa joto la nyuzi 39 tu, yaani joto la mtu mwenye homa. Na ikikutana na maji huzidi kupata moto yenyewe mpaka igeuke kuwa mvuke wa sumu. Yapasa kuwekwa mahali baridi na pakavu. Mwezi wa Oktoba 1984 mtambo ulioitengeneza ulisimamishwa. Lakini tani zipatazo 40 zilibaki katika tangi moja lililofukiwa, namba 610.

Sasa zitazamwe kinga zilizokuwako. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa tangu miezi kadhaa. Mnara wa kuchomea gesi haukuwa ukifanya kazi, kwa kuwa kipande cha bomba lake kilikuwa kimeliwa na kutu na kuondolewa. Mnara mwingine, wa kuosha gesi kwa maji ya kostiki soda, ulikuwa umewekwa kando usifanye kazi. Kila kimoja cha vitu hivi kilikuwa na sababu yake ya kuzimwa, na pengine kila sababu ilionekana ndogo siku ile iliyoandikwa. Usiku wa tarehe 2 Desemba maji yaliingia ndani ya tangi. Namna yalivyoingia imebishaniwa mpaka leo. Baada ya usiku wa manane gesi ilitoka, ikalala juu ya vibanda vya maskini vilivyokuwa karibu na ukuta, na watu wakaamka wakikohoa, wasione, wakikimbia wasijue upande wa kukimbilia. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787 vya watu waliouawa na gesi hiyo, na wako wengi wanaosema hesabu hiyo ni ndogo mno. Mwaka 2006 Serikali iliandika mahakamani kwamba waliodhurika walikuwa 558,125.

Kosa kuu la Bhopal, kwa upande wa jambo linalozungumzwa hapa, laweza kuelezwa na hata mtu asiyesoma kemia. Kinga zilizimwa kabla sumu haijaondolewa. Utaratibu ulio sawa ni kinyume cha huo: kwanza sumu itumiwe, iuzwe, au iharibiwe mpaka tangi liwe tupu na kuoshwa, kisha mitambo ya kazi izimwe, na kinga, yaani kupoza, kuosha gesi, maji ya zimamoto, king'ora na taa, ziwe za mwisho kabisa. Fedha za kuziendesha zatiwa katika hesabu ya kufunga tangu mwanzo. Mwenye mali asiyekuwa na fedha hizo hana kiwanda cha kufunga. Anacho kiwanda cha kutoroka.

Wala mambo ya Bhopal hayakwisha usiku ule. Kiwanda hakikufunguliwa tena, lakini takataka zake za sumu zilikaa pale pale miaka na miaka. Mwezi wa Januari 2025, miaka 40 baadaye, malori yalipakia tani zipatazo 337 za takataka hizo na kuzipeleka mahali pa kuchomwa.

Watu nao

Kiwanda ni watu pia, na mtu asiyejua kesho yake hawezi kufanya kazi ya hatari kwa moyo uliotulia. Habari ya kufungwa ikifika kwa minong'ono, mafundi hodari huondoka kwanza, kwa kuwa hao ndio wanaopata kazi upesi. Na siku ya kuzima boila hubaki vijana wasiomaliza mwaka. Wengine huanza kubeba spana na nyaya za shaba, wakijilipa wenyewe kile wanachoogopa kunyimwa. Kusema kweli mapema ni sehemu ya usalama wenyewe.

Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeweka masharti. Mwenye kiwanda anayetaka kuwaachisha watu kazi kwa sababu kazi haipo sharti awaarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi, akieleza sababu na idadi, si chini ya mwezi mmoja kabla. Asiyekuwa katika chama huarifiwa yeye mwenyewe kwa barua. Katika kuchagua nani aende na nani abaki kidogo, yapasa kuangalia urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Mfanyakazi hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake; likizo asiyoichukua hulipwa kwa fedha; na zaidi ya hayo hupata mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyefanya kazi miaka 12, basi, anastahili malipo ya siku 180. Yafaa kila mtu aweke barua yake ya kuajiriwa na vipande vyake vya mshahara, kwa maana kiwanda kikisha kufungwa huwa vigumu kumpata karani wa kuthibitisha tarehe.

Mafundi watakaobaki kwa kazi ya kufunga waambiwe waziwazi ni akina nani, mpaka tarehe gani, na kwa mshahara gani. Si haki kumwambia mtu abaki mpaka wa mwisho halafu awe wa mwisho kulipwa.

Nyumba iliyoachwa

Mwishoni mwa mwaka 1985, katika mji wa Goiânia, nchi ya Brazil, hospitali ndogo ya kutibu kansa kwa mionzi ilihamia jengo jipya. Wenyewe walichukua mashine moja, na nyingine wakaiacha katika jengo la zamani, bila kuiarifu mamlaka iliyotoa leseni. Jengo likabomolewa nusu. Milango haikuwepo, mlinzi hakuwepo. Tarehe 13 Septemba 1987 watu wawili waliokuwa wakitafuta vyuma vya kuuza waliingia, wakang'oa kichwa cha ile mashine, wakakisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu usiofikia gramu 100. Kile chombo kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku yule mnunuzi akaona kinang'aa rangi ya buluu, akakipenda, akawaita jamaa na majirani wakitazame. Watu walichukua chembechembe kama zawadi. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa miaka sita alikula chakula kwa mikono iliyoshika unga ule.

Watu wakaanza kutapika na kuungua ngozi. Mke wa mnunuzi ndiye aliyeona kwamba waliougua wote walikuwa wamekaribia kitu kile. Akakitia mfukoni, akapanda basi, akakipeleka kwa waganga tarehe 28 Septemba. Siku ya pili yake kikapimwa na kujulikana. Mama huyo, asiye na elimu ya mionzi, aliufanya uchunguzi ambao wenye leseni walipaswa kuufanya miaka miwili kabla. Alikufa yeye, akafa yule mtoto, na wengine wawili. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakaonekana wameguswa na sumu hiyo. Nyumba zilibomolewa, na udongo ukachotwa.

Kenya nayo imeonja kidogo habari za namna hii. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifungwa mwaka 2014. Moshi ulikoma, lakini risasi ilikuwa imekwisha ingia katika udongo na katika damu ya watoto. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea kupanda mahakama baada ya mahakama mpaka ile ya juu kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 huruhusu mtu aliyeharibu mahali aamriwe kupasafisha na kupatengeneza. Lakini kupasafisha wakati mafundi na fedha zingalipo ni rahisi kuliko kuwatafuta wenyewe kwa samansi.

Kwa sababu hiyo kazi ya mwisho ya kufunga ni daftari. Huandikwa humo kila kitu kilichobaki, chombo kwa chombo na pipa kwa pipa: ni nini, ni kiasi gani, kiko wapi, na ni nani aliyekipokea na kutia sahihi. Mapipa yasiyo na maandishi hupimwa na kuandikwa, hata kama yana kutu na hakuna akumbukaye yalikotoka. Picha za mabomba yaliyofukiwa hutiwa pamoja na daftari, na matangi yaliyooshwa huachwa wazi mifuniko, ili atakayekuja aone kwamba ni matupu. Nakala moja hukaa kwa mwenye mali, moja hupelekwa kwa mkaguzi wa Serikali, na moja hupewa mlinzi wa langoni, ambaye huonyeshwa kwa miguu yake mahali asipopaswa kumruhusu mtu kuingia, na hupewa namba ya simu ya fundi atakayejibu usiku.